Kupandisha Toleo au Kusakinisha Upya: Mwongozo kwa Mtumiaji wa Linux

Mfumo endeshi, yaani programu mama inayosimamia vifaa vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, huwa na muda wake wa kuhudumiwa, na muda huo ukiisha mtumiaji hulazimika kuhamia toleo jipya hata kama la zamani bado linamridhisha. Kwa Ubuntu, ambayo itatumiwa hapa kuwa mfano mkuu, matoleo hutoka kila Aprili na Oktoba, na namba ya toleo huonyesha mwaka na mwezi wake: 22.04 ni la Aprili 2022, na 24.04 ni la Aprili 2024. Yale yanayotoka Aprili kila baada ya miaka miwili huitwa LTS, maana yake matoleo ya msaada wa muda mrefu, nayo hupata masahihisho ya kawaida ya usalama kwa miaka 5, ilhali yale ya katikati huhudumiwa kwa miezi 9 tu. Toleo la 20.04 lilifikia ukomo wa msaada wake wa kawaida mwaka 2025, na anayeendelea kulitumia kwa kuingia benki au kusoma barua pepe bila mpango wowote wa nyongeza anatumia mfumo ambao mianya yake mipya haizibwi.

Njia za kufika toleo jipya ni mbili. Ya kwanza ni kupandisha toleo, ambapo mfumo uliopo hubadilishiwa programu zake ukiwa palepale ulipo, na faili za mtumiaji, akaunti na mipangilio yake vikaachwa kama vilivyokuwa. Ya pili ni kusakinisha upya, ambapo mfumo wa zamani hufutwa na mwingine kuwekwa kutoka kwenye flashi, kisha mtumiaji akarudisha mwenyewe faili na programu anazozihitaji. Imezoeleka kusemwa kwamba njia ya pili ndiyo safi na ya kwanza ni ya mkato, na wapo wanaofuta diski kila toleo linapotoka kana kwamba ni ibada. Usemi huo una ukweli kidogo na mazoea mengi, kwa sababu kazi ya kupandisha toleo haiuchafui mfumo kwa yenyewe. Kinachoamua ni kile ambacho mtumiaji amekiongeza katika kompyuta tangu alipoanza kuitumia, hasa kilichotoka nje ya maghala rasmi, na hicho ndicho cha kukagua kabla ya kuchagua njia.

Ghala, katika matumizi ya Linux, ni seva inayohifadhi programu zilizofungwa katika vifurushi, na kila kifurushi hubeba, pamoja na programu yenyewe, orodha ya vifurushi vingine kinavyovitegemea na namba za matoleo yanayokubalika. Watengenezaji wa Ubuntu huijaribu safari ya kutoka 22.04 kwenda 24.04 kwa vifurushi vilivyomo katika ghala lao; hawana namna ya kujua kwamba mtumiaji fulani aliunganisha pia ghala la mtu binafsi, aina inayojulikana kama PPA, ili apate toleo jipya zaidi la programu ya kuhariri video. Kifurushi cha ghala hilo kikiwa na namba ya juu kuliko ile iliyomo katika toleo jipya la mfumo, programu ya kusimamia vifurushi haioni sababu ya kukibadilisha, kwa hiyo kinabaki kimeshikilia maktaba za zamani ambazo mfumo mpya ulitaka kuziondoa, na hapo ndipo kazi yote hukwama au humalizika ikiwa na vipande visivyopatana. Kwa kulijua hilo, chombo cha Ubuntu cha kupandisha toleo huyazima maghala yote ya nje kabla ya kuanza. Lakini kuyazima si kuviondoa vifurushi vilivyokwisha kuingia, ambavyo sasa hubaki yatima, havipati masahihisho kutoka popote. Hali ni ngumu zaidi kwa programu zilizoundwa kwa mkono kutoka katika msimbo wake na kuwekwa katika /usr/local, kwa kuwa mfumo wa vifurushi hauzijui kabisa.

Ukaguzi wenyewe hauchukui muda. Folda ya /etc/apt/sources.list.d huonyesha maghala ya nje yaliyounganishwa, na amri “apt list '?obsolete'”, ikiandikwa katika terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, hutaja vifurushi vilivyomo katika kompyuta ambavyo havipatikani tena katika ghala lolote linalotambuliwa. Kompyuta yenye kivinjari kimoja kutoka nje na pengine draiva ya printa haina sababu ya kufutwa: ghala hilo litaunganishwa tena baada ya kazi, na mambo yataendelea. Kompyuta iliyounganishwa na maghala kumi ambayo mmiliki wake hakumbuki nusu yake yaliwekwa kwa ajili ya nini ni jambo jingine, na kuisakinisha upya kutachukua muda mfupi kuliko kufumbua fundo moja moja.

Zipo pia hali ambazo hazina mjadala. Kompyuta inayotumia mfumo wa biti 32 haiwezi kupelekwa kwenye mfumo wa biti 64 kwa kupandisha toleo, na mlango huo unazidi kufungwa: Ubuntu iliacha kutoa kisakinishi cha mezani cha biti 32 tangu 17.10, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kiini cha mfumo (kernel) kwa kompyuta hizo. Kadhalika anayetaka diski yake yote isimbwe kwa siri, ili laptopu ikiibwa mwizi asisome kitu, atafanya vyema kusakinisha upya, kwa sababu kuuongeza usimbaji huo juu ya mfumo uliokwisha kuwekwa ni kazi ya hatari. Anayehama kutoka familia moja ya Linux kwenda nyingine, kwa mfano kutoka Mint kwenda Fedora, hana njia ya kupandisha. Na aliyebaki na 18.04 atalazimika kupita 20.04 na 22.04 kabla ya kufika 24.04, kwa kuwa kuruka toleo la LTS hakuruhusiwi. Safari tatu za namna hiyo hazina faida yoyote mbele ya usakinishaji mmoja.

Sababu inayotajwa zaidi na watu wanaofuta mifumo yao si hizo, bali ni kwamba kompyuta imekuwa nzito au ina kasoro isiyoeleweka, na hapa kuna jambo linalosahaulika mara nyingi. Mipangilio ya mazingira ya mezani, ya kivinjari na ya programu nyingi haikai ndani ya mfumo, hukaa ndani ya folda binafsi ya mtumiaji iliyo chini ya /home, katika faili na folda ambazo majina yake huanza na nukta na ambazo kwa kawaida hazionekani mpaka mtumiaji abonyeze Ctrl na H katika kitazama-faili. Basi mtu huufuta mfumo, akausakinisha upya, akairudisha folda yake yote kama ilivyokuwa, na kasoro ikarudi naye siku hiyohiyo, kwa sababu haikuwa kwenye mfumo tangu mwanzo. Kabla ya kugusa flashi, inafaa kufungua akaunti nyingine ya majaribio katika kompyuta ileile na kuingia kwayo: kasoro ikitoweka, chanzo chake kimo katika mipangilio ya akaunti ya zamani, na huenda dawa ikawa ni kuibadilisha jina folda ya .config ili programu zijitengenezee mipangilio mipya. Kasoro ikibaki, hapo ndipo mfumo wenyewe, au kifaa, unaposhukiwa. Uzito nao mara nyingi hutokana na diski ya kuzunguka iliyochakaa au kumbukumbu ya RAM iliyo ndogo, na hakuna usakinishaji utakaoviponya hivyo.

Njia yoyote itakayochaguliwa, maandalizi ni yaleyale, na kazi kubwa ya maandalizi ni nakala ya akiba, yaani nakala ya pili ya kila kisichoweza kupakuliwa tena, iliyowekwa katika diski tofauti. Programu ya Timeshift, inayokuja pamoja na Linux Mint, hupiga picha ya hali ya mfumo ili uweze kurudishwa nyuma, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida haihifadhi faili binafsi zilizo katika /home, na picha iliyo ndani ya diski ileile hufa pamoja na diski hiyo. Kwa hiyo haitoshi peke yake. Folda ya /home ndiyo ya kwanza kunakiliwa, pamoja na vile visivyoonekana, na hapa Firefox inastahili kutajwa kwa jina. Katika Ubuntu 22.04 na matoleo yaliyofuata kivinjari hicho huja katika umbo la snap, yaani programu iliyofungwa peke yake pamoja na vitegemezi vyake, na alamisho na nywila zilizohifadhiwa humo hazikai tena katika ~/.mozilla bali katika ~/snap/firefox/common/.mozilla, kwa hiyo aliyezoea kunakili folda ya zamani ataondoka na folda tupu bila kujua. Funguo za SSH zilizo katika ~/.ssh nazo zina ruhusa maalumu za kusomwa ambazo flashi yenye mpangilio wa FAT32 au exFAT haiwezi kuzihifadhi, na tena FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Tatizo la ruhusa humalizwa kwa kuifunga folda nzima katika faili moja ya tar na kuiweka katika diski ya exFAT, au, iliyo bora zaidi, kuitumia diski ya nje yenye mpangilio wa ext4.

Nje ya /home kuna mambo machache ambayo mtumiaji wa kawaida hana, lakini mwanafunzi wa programu au mwenye ofisi ndogo huwa nayo: kurasa za tovuti katika /var/www, mipangilio iliyobadilishwa kwa mkono katika /etc, kazi za kila siku zilizopangwa kwa crontab, na hifadhidata. Hifadhidata haipaswi kunakiliwa kwa kuichukua folda yake ikiwa inafanya kazi. Hutolewa kwa amri yake yenyewe, kama pg_dumpall kwa PostgreSQL, ambayo huandika yaliyomo yote katika faili ya maandishi. Mwisho, amri “apt-mark showmanual” huorodhesha vifurushi vilivyosakinishwa kwa kuombwa moja kwa moja, tofauti na vile vilivyofuatana navyo, na orodha hiyo ikihifadhiwa pamoja na nakala nyingine itaokoa muda wa kukumbuka. Nakala ikishakamilika, faili kadhaa zifunguliwe kutoka humo katika kompyuta nyingine, kwani nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijathibitishwa kuwa nakala.

Anayechagua kupandisha toleo hana haja ya kukimbilia siku ya kwanza. Ubuntu yenyewe haimwiti mtumiaji wa LTS kuhamia LTS inayofuata mpaka toleo la kwanza la marekebisho litoke, lile lenye .1 mwishoni, na mwaka 2024 toleo la 24.04.1 lilitoka mwishoni mwa Agosti, miezi minne baada ya 24.04. Kazi huanza kwa kuusasisha mfumo uliopo hadi mwisho wake, kuwasha upya kompyuta, kisha kuangalia nafasi katika diski. Sehemu inayosahaulika ni /boot, panapokaa viini vya mfumo. Katika kompyuta zenye diski iliyosimbwa, sehemu hiyo hutengwa peke yake na huwa ndogo, na viini vya zamani vikirundikana hujaa na kuzuia kiini kipya kuingia. Amri “sudo apt autoremove” kwa kawaida huviondoa visivyohitajika. Baada ya hapo huandikwa “sudo do-release-upgrade”, na kuanzia hapo jambo la kuombea ni umeme.

Hili si la mzaha. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki umeme hukatika bila taarifa, na kukatika katikati ya upandishaji huacha vifurushi vingine vikiwa vipya, vingine vya zamani, na vingine vimefunguliwa bila kupangwa. Kompyuta ya mezani ifanyiwe kazi hiyo ikiwa na UPS, na laptopu ikiwa na betri iliyojaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika hata hivyo, mara nyingi mambo hayajaharibika: mtumiaji ataiwasha kompyuta, na ikihitajika ataingia katika hali ya ukarabati kupitia menyu ya GRUB inayotokea mwanzoni, kisha ataandika “sudo dpkg --configure -a” ili vifurushi vilivyoachwa njiani vimaliziwe kupangwa, na baadaye “sudo apt --fix-broken install” ili vitegemezi vilivyokosekana viletwe. Intaneti ikikatika ni afadhali zaidi, kwa kuwa vifurushi hupakuliwa vyote kwanza kabla ya kimoja kuguswa.

Katikati ya kazi mtumiaji ataulizwa swali moja ambalo huwababaisha wengi: faili fulani ya mipangilio katika /etc imebadilishwa, na kifurushi kipya kimekuja na faili yake, je, iwekwe mpya au ibaki ya zamani? Jibu la N, ambalo ndilo la kawaida, huiacha iliyopo. Y huweka ya mtengenezaji. Na D huonyesha tofauti za faili hizo mstari kwa mstari. Busara ni kubonyeza D kwanza. Ikiwa tofauti ni jambo ambalo mtumiaji analikumbuka kuwa aliliandika mwenyewe, ya zamani ibaki. Ikiwa hakumbuki kuigusa faili hiyo, ya mtengenezaji iingie, kwa kuwa mipangilio ya zamani isiyo na mwenyewe ndiyo huja kuleta maneno baadaye. Kwa vyovyote faili isiyochaguliwa haitupwi, huachwa kando ya nyingine ikiwa na mkia wa .dpkg-dist au .dpkg-old.

Mwishoni chombo hicho huomba ruhusa ya kuondoa vifurushi vilivyopitwa na wakati, na mwenye hifadhidata asikubali kwa pupa. Ubuntu 22.04 ilikuwa na PostgreSQL 14 na 24.04 ina 16, na data ya 14 haisomwi na 16 mpaka ihamishwe kwa amri ya pg_upgradecluster, kazi inayoihitaji programu ya zamani iwepo bado. Waandishi wa programu za Python nao watakuta kwamba 3.10 imekuwa 3.12 na kwamba mazingira yao pepe, yaani folda zinazotenga maktaba za kila mradi, hayafanyi kazi tena. Hayo hayatengenezwi, hufutwa na kuundwa mapya kutoka katika orodha ya maktaba za mradi.

Kusakinisha upya kuna hatua chache lakini kila moja haina marudio. Faili ya usakinishaji ya Ubuntu 24.04 ina ukubwa unaokaribia gigabaiti 6, na kabla ya kuandikwa katika flashi ihakikiwe kwa amri ya sha256sum, inayotoa alama ndefu ya herufi na tarakimu ambayo lazima ilingane na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Faili iliyopakuliwa kwa mtandao unaokatikakatika huweza kuonekana nzima nayo ina upungufu. Kompyuta ikiwashwa kwa flashi hiyo huendesha mfumo mpya bila kuigusa diski, na hiyo ni faida ambayo kupandisha toleo hakuna: Wi-Fi, sauti, kamera na printa vinaweza kujaribiwa vyote kabla ya kufanya uamuzi, na mtandao ukikataa kupatikana, ijulikane wakati mfumo wa zamani bado upo.

Hatua ya kugawa diski ndiyo inayotaka utulivu. Aliyekuwa na sehemu ya pekee kwa ajili ya /home atachagua ugawaji wa mkono, ataielekeza sehemu hiyo kwenye /home bila kuweka alama ya kufutwa, na atafuta ile ya mfumo tu. Akaunti ya kwanza ifunguliwe kwa jina lilelile la zamani. Linux humtambua mwenye faili kwa namba, ambayo kwa mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu ni 1000, na jina na namba vikilingana faili zitamkuta mwenyewe. Kompyuta inayotumia pia Windows ina sehemu ndogo ya EFI inayohifadhi programu za kuwashia mifumo yote miwili, na sehemu hiyo haifutwi kamwe. Asiyekuwa na /home ya pekee atautumia usakinishaji huu kuitenga, kwa faida ya safari zijazo.

Familia nyingine za Linux hufuata kanuni hizohizo kwa mwendo wao. Debian hupandishwa kwa kubadilisha jina la toleo katika orodha ya maghala, kusasisha, na kuandika “apt full-upgrade”, na mwongozo wa kila toleo lake unastahili kusomwa kabla ya kuanza. Fedora hutoka takriban kila miezi 6 na kila toleo huhudumiwa kwa miezi kama 13, kwa hiyo kupandisha ndiyo njia ya kawaida. Huruhusu kuruka toleo moja, na huvisakinisha vifurushi kompyuta ikiwa imewashwa upya, kabla ya mtumiaji kuingia. Kwa Arch, ambayo haina matoleo bali husasishwa mfululizo, suala hili halipo kabisa.

Kuhusu gharama za bando, hesabu hubadilika kwa idadi ya kompyuta. Kwa kompyuta moja, kupandisha toleo aghalabu hupakua kiasi kidogo kuliko faili ya usakinishaji. Kwa maabara ya shule yenye kompyuta ishirini zinazofanana, faili moja katika flashi chache huhudumia zote, ilhali kupandisha kila moja ni kupakua vifurushi vilevile mara ishirini, isipokuwa kama kuna mtu wa kuweka seva ya apt-cacher-ng inayohifadhi kilichokwisha kupakuliwa. Maabara zisakinishwe upya wakati wa likizo. Kompyuta ya mtu mmoja iliyokaa ndani ya maghala rasmi ipandishwe toleo. Anayetumia Ubuntu 22.04 bado anapata masahihisho ya usalama ya kawaida hadi mwaka 2027, na kama hana diski ya nje ya kuwekea nakala, anunue hiyo kwanza.